Maswali yenu: "Tumefiwa na Maestra, tuseme nini?"

Wasomaji wangu, toleo hili maswali ya ndoa na ya mashamba yatangoja kidogo. Ndani ya wiki mbili nimepokea barua tatu, moja ya Nakuru mjini, moja ya Njoro, moja ya Kisumu, na zote zinamhusu mtu mmoja, mwalimu wa Kihispania aliyekuwa akifundisha jioni Nakuru na ambaye amezikwa kwao Luanda, kaunti ya Vihiga. Alifunzwa hiyo lugha na masista kutoka Mexico, na kule mwalimu wa kike wanamwita maestra, kwa hivyo wanafunzi wake walimwita Maestra na mimi nitamwita hivyo hivyo, jina lake kamili naiachia familia. Wacha niseme mapema ili mtu asishangae nimejuaje: mimi pia nilikaa darasa lake, muhula mmoja, miaka kadhaa iliyopita, wakati mwanangu alioa kwa watu wa Colombia nikataka kusalimiana na wazazi wa mke wake kwa lugha yao. Haya ninayojibu leo nayajibu nikiwa na uchungu wangu pia.

Swali

Shangazi, salamu sana. Mimi ni dreva wa van ya watalii hapa Nakuru, napeleka wageni kwa lake, Bogoria, saa zingine mpaka Mara. Kihispania nilifunzwa na Maestra, Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, kile chumba cha juu ya duka la vitambaa karibu na Kenyatta Avenue, tulianza watu 20 tukabaki 11. Aliugua muda mfupi tu akatutoka. Siku ya mazishi tulikodi matatu, tukatoka Nakuru saa 9 usiku, tukapita Kericho, Kisumu, Maseno, tukafika Luanda kabla ibada ianze. Mimi ndiye darasa lilichagua niongee. MC akanipa dakika 2, nikashika maiki, nikasema alikuwa mwalimu mzuri, mpole, mcheshi, mpenda watu, tutamkosa sana, nikarudi kuketi. Shangazi hayo maneno mtu angeweza kusemea maiti yoyote ile. Na mfukoni nilikuwa na karatasi nzima nimeandika kwa Kihispania, nililala nayo siku tatu, lakini nilipoona wazee na kina nyanya wamejaa kwa hema nikaogopa wataona najionyesha. Mamake alikuwa mbele kabisa kwa kiti cha plastiki, ameshika leso kwa mikono miwili, alikuwa ananiangalia tu.

Sasa familia imetuita tena mwezi ujao kwa ibada ya kumbukumbu na wamesema darasa litapewa nafasi. Naomba unisaidie. Niongee lugha gani? Tena niseme "era mi maestra" ama "fue mi maestra", kwa sababu hiyo imeleta kelele kwa grupu yetu ya WhatsApp mpaka watu wawili wamenuniana. Na huyo mama, ambaye hajui neno hata moja la Kihispania, nimwambie nini?

Dreva, Nakuru

Jibu

Mwanangu, pole sana, na uwafikishie pole wenzako wote 10.

Hiyo ya siku ya mazishi iweke chini kwanza. Mtu amesafiri usiku kucha, hajala, jeneza liko mbele yake na MC anamwonyesha saa, hapo ni nani angetoa neno la maana. Lakini umesema kitu cha kweli ambacho sitaki kikupite, kwamba maneno yale mtu angeweza kumsemea yeyote. Huyo mama alikaa kwa kile kiti akasikia watu wengi wakimwambia binti yake alikuwa mcheshi na mpenda watu. Anajua, ndiye alimzaa. Anamjua akiwa na mtungi kichwani, anamjua akishuka gari Desemba na mkate na sukari, anamjua akiwa na homa. Kile hajui ni Jumanne saa 12 jioni. Hajawahi kupanda zile ngazi za duka la vitambaa, hajawahi kumwona mtoto wake ameshika chaki mbele ya watu wazima waliotoka kazini wamechoka. Hayo masaa mnayo nyinyi peke yenu, na mkinyamaza nayo yatapotea. Kwa hivyo ukisimama Luanda usimsifu. Mchukue mamake umpeleke darasani.

Mimi ningempeleka siku ya kwanza. Maestra aliingia, hakujitambulisha, akaandika ubaoni mesa, bandera, azúcar, aceituna, limón, akatugeukia akasema someni. Tukasoma. Akauliza nani hajaelewa, na hakuna mkono ulioinuka, kwa sababu hata hiyo aceituna ukiitamka mara mbili unaisikia zeituni ndani yake. Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa cherehani ameketi nyuma, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kumbe nimekuwa nikiongea Kihispania maisha yangu yote na hakuna mtu ameniambia. Ndio sasa Maestra akatueleza. Meza na bendera tuliletewa na Wareno, ambao lugha yao na Kihispania ni kama watoto wa mama mmoja, na walikaa pwani yetu tangu Vasco da Gama afike Malindi mwaka 1498 mpaka wakanyang'anywa Fort Jesus mwaka 1698, wakatuachia mvinyo pia, na kopo, na kasha. Sukari na zeituni na zafarani ni Kiarabu, na Kiarabu kilikaa Uhispania kutoka mwaka 711 mpaka 1492, karibu miaka 800, kikaacha maneno kila mahali, mpaka meya wa mji kule anaitwa alcalde, neno lile lile letu la kadhi. Alikuwa anasema lugha hizi mbili zimekunywa kisima kimoja, moja huku na moja kule, na sisi kazi yetu ni kutambua ladha tu.

Ama ningempeleka kwa ile alama ya swali. Wahispania wanaandika alama ya swali mara mbili, moja imepinduliwa inakaa mwanzo wa sentensi, ¿ hivi, na nyingine mwisho, na hiyo ya mwanzo ilipendekezwa na chuo chao cha lugha, Real Academia, mwaka 1754. Sisi wote tulikuwa tunaisahau. Maestra hakugomba. Alichukua daftari langu, akatoa kalamu nyekundu, akaichora polepole, kwanza nukta juu halafu ule mkunjo unashuka kama ndoano ya kuvulia samaki, akaniuliza, "Kwa Kiswahili ukitaka kuuliza mtu kama amekula unaanzaje?" Nikasema, "Je, umekula?" Akasema hiyo ndiyo je yao. Tangu siku hiyo sijaisahau tena. Niambie, mwanangu, ni nyanya gani kwa hema la Luanda hataelewa hiyo, na ni mama gani hatajua hapo hapo kwamba mtoto wake alikuwa na akili ya pekee.

Najua una yako, pengine ni ile ya ndege wetu wa lake, kwamba flamingo kwa Kihispania ni flamenco na ile ngoma yao ya kupiga visigino nayo inaitwa hivyo hivyo. Ama ile alikuwa anapenda kusema kwamba amezaliwa Ecuador, kwa sababu kwao ni karibu na Maseno, ikweta inapita pale, na ecuador maana yake ni ikweta basi. Chagua moja. Usilete tano, moja ukiisimulia yote vile ilivyotokea, nani alisema nini, alikuwa ameshika nini, inatosha.

Haya, lugha. Ongea zote mbili. Ile karatasi nzima ya Kihispania iache, kina nyanya hawakukosea chochote kukalishwa wakisikiliza dakika 5 za kitu hawaelewi. Sema sentensi 3 za Kihispania kwa jumla, na kila ukimaliza moja iseme kwa Kiswahili hapo hapo kabla hujavuta pumzi. Kama kuna mtu wa kwao anaweza kuirudia kwa Kinyore pia, bora zaidi. Ukifanya hivyo hakuna atakayeona unajionyesha, wataona umebeba kitu cha mtoto wao ukakirudisha nyumbani.

Hiyo era na fue msinuniane, zote ni sawa. Fue ni ya kitu unachokiangalia kikiwa kimekamilika, kilianza kikaisha, kama vile ungesema alinifundisha miaka 3. Era haitaji mwisho, inakuweka ndani ya hizo siku zenyewe, ndugu zake ni zile za alikuwa akitungoja, alikuwa akifungua dirisha, alikuwa akija na chai ya tangawizi kwa flaski. Ukitaja miaka tumia fue. Ukisimulia tumia era. Hao wawili wa grupu kila mmoja alikuwa ameshika upande wa kitu kimoja.

Lakini sentensi yako ya kwanza mimi ningeweka nyingine kabisa. *Se nos murió la maestra.* Angalia hiyo nos, ni "sisi". Wangeweza kusema murió la maestra, mwalimu amekufa, na ingekuwa habari kamili, lakini Mhispania akiwa na uchungu anaingiza waliobaki ndani ya kitenzi, na sisi tunafanya vivyo hivyo, kufa, kufia, kufiwa. Tumefiwa na mwalimu. Nimekaa na hii sentensi tangu nipate barua yako na sijaona lugha nyingine ninayoijua inayoweza kuibeba kwa urahisi namna hiyo kutoka kule mpaka huku.

Ya pili inatoka kwa lile somo gumu la ser na estar, nyote mnalikumbuka. Ser ni kwa kile mtu alicho, estar ni kwa mahali alipo na hali aliyo nayo. Maestra alitumaliza wasiwasi siku moja kwa kuandika "ni" upande huu na "yuko" upande ule. Mtu mmoja akauliza, sasa kifo, si ndio cha kudumu kuliko vyote, kwa nini wanasema está muerto, wanatumia estar? Aliweka chaki chini. Akasema wanasarufi wana maelezo yao, kwamba ni hali inayokuja baada ya badiliko, lakini nyinyi sikilizeni nyumbani kwenu mtu akifa wanasemaje. Hayupo. Tukanyamaza wote. Kwa hivyo hapo Luanda sema *No está, pero es nuestra maestra*, hayupo, lakini ni mwalimu wetu, na ile "ni" useme kwa nguvu.

Ya tatu mwekee mama. Shuka pale mbele, piga goti kama mguu unaruhusu, maiki umpe mwenzako. Wahispania wakitoa pole husema *le acompaño en el sentimiento*, yaani niko nawe kwa haya unayoyasikia moyoni, lakini hiyo mama ameshaambiwa kwa Kiswahili mara mia, tuko pamoja, tuko pamoja. Mwambie *hasta siempre*. Hasta ni mtoto wa hatta ya Kiarabu, na ndugu yake ni hata yetu, ile hata ya zamani ya maana ya mpaka, iko kwa Zaburi ya 90, tangu milele hata milele. Kwa hivyo hasta siempre ni hata milele, neno kwa neno, na hilo mama wa Luanda amelisoma kanisani tangu akiwa msichana. Halafu mpe daftari lako moja la zamani lenye wino mwekundu. Mpe mkononi, lifungue ukurasa ambao Maestra aliandika sana, aone mwandiko wa mtoto wake.

Swali

Shangazi hujambo. Mimi ni mwanafunzi huku Njoro, nilikuwa kwa darasa la Maestra na nilikuwa najiandaa kufanya mtihani wa Kihispania wa DELE, ngazi ya A2, na yeye ndiye alikuwa ananiandaa. Tangu aende sijafungua kitabu, nikifungua naskia sauti yake. Nauliza kama ni vibaya kutafuta mwalimu mwingine saa hizi, naona ni kama namsahau haraka. Ingine ni hii, Maestra alitusimulia vile watu wa Mexico wanakumbuka wafu wao Novemba, na darasa linataka tumfanyie hivyo kila mwaka, lakini wawili kati yetu ni watu wa kanisa sana na wanasema hiyo ni kuabudu wafu. Mimi niko katikati, sijui nisimame wapi.

Msichana wa Njoro

Jibu

Mwanangu, mtihani fanya. DELE ni cheti cha serikali ya Uhispania, kinatolewa na Instituto Cervantes, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1991, na kina ngazi 6 kutoka A1 mpaka C2, na kikishatoka hakina mwisho wa kutumika. Maana yake ile kazi Maestra alikufanyia jioni zote hizo itabaki kwa karatasi yenye jina lako maisha yako yote. Tafuta mwalimu mwingine bila kujificha, na siku ya kwanza mwambie nani alikufunza. Atakusikia tu, utakuwa unasema gracias kwa s ya Mexico, si ile ya kuuma ulimi ya Madrid. Usikubali mtu akubadilishe hiyo s, ni sawa kabisa, karibu Amerika ya Kusini na ya Kati yote wanasema hivyo, na ni yake. Na hiyo sauti unayosikia ukifungua kitabu, fungua kitabu.

Hayo ya Novemba yanataka upole zaidi. Kule Mexico tarehe 1 na 2 Novemba familia zinaandaa meza nyumbani, ofrenda, wanaweka picha ya aliyekufa, mishumaa, chakula alichokipenda, mkate maalum unaoitwa pan de muerto, na maua ya rangi ya chungwa yanayoitwa cempasúchil. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Hao watu wengi wao ni Wakatoliki na hawafikiri wanaabudu mtu, wanamkaribisha wao nyumbani kwa siku moja, na tarehe 2 ndiyo ile ile Siku ya Marehemu Wote ambayo Wakatoliki wetu wanaombea wafu wao. Hayo ni maelezo tu, siwaambii wenzako hao wawili dhamiri zao zimekosea. Mtu akikwambia roho yake inakataa, huwezi kumburuta kumkumbuka mwalimu, na Maestra mwenyewe hakuwahi kulazimisha mtu hata kusoma kwa sauti.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Tarehe iwe Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa 12 jioni, saa ya darasa. Mishumaa muache. Mje na chai ya tangawizi na mapera, kwa sababu mnakumbuka alivyokuwa akinunua mapera stendi na kutuambia kwamba pera ya Uhispania ni tunda lingine kabisa, na hili letu wao wanaliita guayaba. Muongee Kihispania saa nzima bila kuchanganya, na anayekwama asaidiwe. Kama kuna wanaotaka maua waje nayo, na wakikosa hiyo cempasúchil wajue lile gugu refu lenye harufu kali linaloota kwa mashamba yetu huko Njoro na Molo ni jamaa yake wa karibu, lilifika huku kutoka Amerika ya Kusini. Wale wa kanisa watakaa, watakunywa chai, wataongea. Na nyumbani kwa mamake Luanda msiende kuweka meza yoyote bila kuitwa.

Swali

Mama, habari ya siku nyingi. Mimi ni dada mdogo wa marehemu, naishi Kisumu, Kondele. Mimi ndiye nilienda Nakuru kutoa vitu vyake na niko na katoni tatu za madaftari na makaratasi hapa kwa nyumba. Mume wangu anasema za zamani tuchome, nyumba ni ndogo. Mama anasema zote zipelekwe Luanda akae nazo. Lakini kuna bahasha moja inanisumbua. Ndani kuna karatasi 11 za mtihani, amesahihisha 8, na ile ya 9 ameishia swali la 6, kuna alama ameanza na hajaimaliza, wino umeishia hapo. Nimeiangalia mara nyingi. Nafikiria nitafute mtu anayejua Kihispania amalizie hizo zilizobaki ili watoto wa watu wapate alama zao, ni sawa?

Dadake, Kisumu

Jibu

Mdogo wangu, pole. Nimesoma barua yako nikasimama, nikatoka nje kidogo, ndio nikarudi kuandika.

Usichome kitu. Najua nyumba za Kondele, najua katoni tatu zinakula nafasi ya kitanda cha mtoto, na mume wako hajakosea kusema ni nyingi, lakini mueleze ni za muda. Nenda sokoni ununue sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni lenye kufuli, kwa sababu karatasi kwa katoni huko Luanda mchwa watazimaliza kabla mvua mbili zipite. Liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta. Humo weka za mama: noti zake za kufundishia, daftari zake mwenyewe za wakati alikuwa anasoma kwa masista, picha. Mama hatazisoma. Atazishika, na hiyo ni haki yake, wala mtu asimuulize anazitakia nini.

Madaftari ya wanafunzi si yenu, hata yenye miaka mingi. Mengi yana jina kwa jalada. Hapo juu kuna dreva wa Nakuru ambaye atakuja Luanda mwezi ujao na van nzima ya watu wa darasa lile, mpe hiyo katoni arudi nayo, wao wanajuana kwa grupu, watatafutana mpaka yaishe.

Sasa hiyo bahasha. Hapana, usitafute mtu wa kumalizia. Zile 8 wape wenyewe na alama zao. Zile 2 ambazo hakuzigusa wape zikiwa hivyo, safi, wataelewa. Na ile ya 9 tafuta jina lililo juu, umwite mwenyewe pembeni siku hiyo ya ibada, kabla watu hawajaanza kula, umpe kwa mkono wako wewe dadake. Umwonyeshe alipoishia. Akitaka kujua makosa yake kuanzia swali la 7, atakaa na wenzake Jumanne moja wajisahihishie, kwa penseli, wasitumie wino mwekundu.

Kalamu yenyewe, kama bado iko humo kwa katoni, iweke kwa sanduku la mama.